Mkataba wa Miezi Mitatu na Mimba ya Miezi Tisa

Ndugu wanachama, pamoja nanyi wenzetu wa msimu ambao bado hamjaandikwa chamani,

Liko jambo moja ambalo katika mikutano yetu huletwa mwisho kabisa, wakati watu wamekwisha kusimama na kuchukua makoti yao. Ni jambo la likizo ya uzazi kwa mwanamke aliyeajiriwa kwa mkataba. Huulizwa na mama mmoja aliyeketi nyuma, hujibiwa na mtu wa mbele, "Sheria ipo," na mkutano hufungwa. Ni kweli sheria ipo. Lakini wengi wa wanaosema ipo hawajaisoma, na wengi wa wale inaowahusu hawajaonja faida yake. Huku kwenye chai, toka Itumbe mpaka milima ya Nyamira, mwanamke wa mkataba hanyimwi likizo kwa kuambiwa hapana. Hunyimwa kwa kalenda. Ndiyo maana naomba nafasi katika gazeti letu nilieleze jambo hili pole pole, tangu mwanzo.

Kwanza sheria yenyewe. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 29, yasema mfanyakazi mwanamke ana haki ya likizo ya uzazi ya miezi 3 kwa mshahara kamili. Likizo ikiisha ana haki ya kurudi katika kazi ile ile aliyoiacha, au kazi nyingine inayomfaa, kwa masharti yasiyopungua yale ya kwanza. Wala hapotezi likizo yake ya mwaka kwa sababu amezaa. Neno hili la mwisho vijana hawalioni kuwa kitu, lakini waliofanya kazi chini ya sheria ya zamani, ile ya mwaka 1976, wanakumbuka. Zamani zile ilikuwa miezi 2, na mama aliyeichukua alipoteza likizo yake ya mwaka huo, kana kwamba alikuwa ameshinda Mombasa akiota jua.

Sasa tazameni jinsi kifungu hiki kilivyoandikwa. Likizo ya mwaka, katika kifungu cha 28, hupatikana baada ya miezi 12 ya kazi mfululizo. Likizo ya ugonjwa, katika kifungu cha 30, hupatikana baada ya miezi 2 mfululizo. Katikati ya hivyo viwili kimekaa kifungu cha 29, nacho hakitaji mwezi hata mmoja wa kungoja. Watu wale wale walioandika masharti ya kungoja kabla yake na baada yake, hapa hawakuandika. Wala hawakuandika "mfanyakazi wa kudumu". Wameandika mfanyakazi mwanamke, na kifungu cha 2 chaeleza mfanyakazi ni nani: ni mtu aliyeajiriwa kwa ujira au kwa mshahara. Basi karani akikuambia ya kwamba likizo ya uzazi ni ya watu wa kudumu peke yao, jua habari hiyo ameitoa kichwani mwake.

Tena kifungu cha 46 chasema mimba, au sababu yo yote inayohusiana na mimba, si sababu ya haki ya kumfukuza mtu kazi. Na kifungu cha 5 chakataza kumbagua mtu kwa sababu ya mimba. Katiba ya mwaka 2010 nayo, katika kifungu cha 27, imeitaja mimba kwa jina miongoni mwa mambo ambayo haifai mtu abaguliwe kwayo. Kwa maandishi, ndugu zangu, hatuna njaa.

Wengine huchanganya likizo hii na gharama za kujifungua. Hizo ni habari mbili. Tangu Juni 2013 Serikali iliondoa malipo ya kujifungua katika hospitali zake, baadaye kazi hiyo ikashikwa na bima ya NHIF kwa jina la Linda Mama, na tangu Oktoba 2024 NHIF imeondoka na mahali pake pameshikwa na SHA. Yote hayo ni ya kitanda cha hospitali. Likizo ya uzazi ni ya unga wa nyumbani katika ile miezi 3 ambayo mama hawezi kubeba kikapu, nayo humdai mwajiri.

Turudi kwenye kalenda. Tuseme yuko mama mmoja aliyeandikwa kiwandani tarehe 1 Machi, mvua zinapoanza na majani kuwa mengi, kwa mkataba wa miezi 3. Mei 31 umekwisha. Anakaa nyumbani wiki mbili, anaitwa tena Juni 15 kwa miezi 3 mingine, mpaka Septemba 14. Ni mwaka wake wa nne anakwenda hivyo, na kazi ni ile ile: kutandaza majani kwenye vitanda vya kunyausha, au kufagia chini ya mashine, au kufunga mifuko. Mwaka huu ni mjamzito, atazaa Oktoba. Mwezi Agosti mnyapara ameona. Hasemi neno. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyemwandikia barua. Septemba 14 mkataba unakwisha, wake na wa wenzake wote pamoja. Mwisho wa Septemba wenzake wanapigiwa simu warudi, kwa maana mvua za Oktoba ziko karibu. Yeye simu yake haiti.

Je, amefukuzwa? Akienda kwa afisa wa leba anaulizwa alifukuzwa tarehe ngapi, naye hana tarehe ya kutaja. Akiuliza kiwandani anaambiwa, mama, mkataba wako uliisha wenyewe. Amefanya kazi miaka 4, amekatwa fedha za serikali miaka 4, na siku ya kuhitaji haki yake anaonekana kama mtu ambaye hakuajiriwa kamwe. Sheria haikuvunjwa kwa nyundo. Imefunguliwa skrubu moja moja.

Na kuna tarehe nyingine inayomwinda. Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 47, yampa mtu aliyefukuzwa miezi 3 kupeleka malalamiko kwa afisa wa leba. Miezi 3! Fikirini ni miezi ipi. Ni ile ya mwisho ya mimba au ile ya kwanza ya mtoto, wakati mama hata kufika Kisii mjini kwa matatu ni shida. Mahakamani ana miaka 3, hilo ni afadhali, lakini ni nani amemwambia?

Mahakama zetu nazo zimekwisha kusema mara nyingi ya kwamba mkataba wa muda hufa siku yake ikifika, na ya kuwa mfanyakazi hana haki ya kudai ufufuliwe kwa kuwa tu alitumaini. Neno hilo waajiri wamelikariri vizuri kuliko sala. Lakini lina mlango wa nyuma, na mlango huo sisi hatujaupita vya kutosha.

Mlango wenyewe uko katika kifungu cha 5 nilichokitaja. Kinakataza kumbagua mfanyakazi, na papo hapo kinakataza kumbagua mtu anayetafuta kazi. Kinataja mambo ya kuandika watu kazi pamoja na mambo ya kuwaachisha. Basi hata tukikubali ya kwamba mkataba ulikufa Septemba 14 na mama yule si mfanyakazi tena, tarehe ya kupiga simu yeye ni mtu anayetafuta kazi. Ikiwa wenzake wote wa kitengo kile wameitwa, na yeye mwenye miaka 4 hakuitwa, na tofauti yake na wao ni tumbo tu, hapo si habari ya mkataba kuisha. Ni habari ya nani aliyechaguliwa kurudi na kwa nini. Na sheria inamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha ya kwamba hakubagua.

Hoja hii si ya kubuni usiku. Huko Uhispania, mahali paitwapo Los Barrios, mwanamke mmoja alikuwa akifanya kazi ya kuwasaidia watu majumbani mwao, akiajiriwa na halmashauri ya mji kwa mikataba mifupi mifupi, mmoja ukifuata mwingine. Alipokuwa mjamzito mkataba wake haukuendelezwa. Kesi ilifika hadi Mahakama ya Ulaya mjini Luxembourg, na tarehe 4 Oktoba 2001 mahakama ilijibu hivi: mkataba kuisha siku yake si kufukuzwa, lakini ikiwa sababu ya kutouendeleza ni mimba, huo ni ubaguzi, nao umekatazwa. Hukumu ya Luxembourg haiwafungi mahakimu wetu wa Kericho wala Kisumu. Lakini wakili wa Chama anaweza kuibeba mkononi, kwa maana maneno ya sheria yetu juu ya ubaguzi hayakupungua yale ya Ulaya. Mimi naona yamezidi.

Iko njia ya pili, nayo ni kifungu cha 37. Hiki chasema kibarua akifanya kazi siku za mfululizo zinazofikia mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kumalizika kabla ya miezi 3, huyo si kibarua tena. Ahesabiwe kama mtu wa kulipwa kwa mwezi. Na akifanya mfululizo miezi 2 au zaidi tangu siku aliyoandikwa, apate masharti yote ambayo angepata kama asingeanza kama kibarua. Wengi wetu tunakijua. Waajiri pia wanakijua, ndiyo maana kibarua wa kila siku amekuwa adimu na karatasi za miezi mitatu zimekuwa nyingi.

Lakini kifungu hiki kina mpaka wake, na ni lazima tuseme kweli juu yake. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliamua kesi ya kampuni ya Krystalline Salt na wafanyakazi 68 wa chumvi kule pwani. Watu wale walikuwa wakilipwa kwa kadiri ya kazi waliyoimaliza. Mahakama ilieleza ya kwamba ziko namna kadha za ajira: ya muda usiotajwa, ya muda uliotajwa, ya kazi ya kupimwa, na ya kibarua; na kifungu cha 37 ni cha kumgeuza kibarua. Wale wa chumvi wakashindwa. Ndugu zetu wachumaji chai, mnaolipwa kwa kilo, kesi hiyo inawahusu ninyi zaidi kuliko mtu mwingine ye yote katika wilaya hizi. Msije mkaambiwa na mtu ya kwamba kifungu cha 37 kitawaokoa peke yake.

Hata hivyo kesi ile ilikuwa ya kuachishwa kazi. Haikuwa ya uzazi. Mchumaji wa kilo bado ni mfanyakazi. Kifungu cha 18, kinachoeleza namna ya kumlipa mtu wa kazi ya kupimwa, kinamwita mfanyakazi. Na ikiwa ni mfanyakazi, na ni mwanamke, kifungu cha 29 ni chake.

Hapo sasa ndipo swali gumu linapoingia: mshahara kamili wa mtu wa kilo ni upi? Siku ya mvua njema anachuma nyingi, wiki ya baridi ya Julai anachuma kidogo, mwezi wa jua kali hakuna cha kuchuma. Na mimba ikikomaa kilo zinapungua zenyewe, kwa maana hawezi kuinama na kupanda mteremko kama zamani. Mwajiri akisema "nitakulipa kama ulivyolipwa mwezi uliopita", amemlipa mama kwa mwezi aliokuwa dhaifu kuliko yote. Sheria haikutupa hesabu. Maoni yangu ni kwamba wastani uchukuliwe wa miezi 12 iliyopita, au ya siku zote alizofanya kama hazijafika mwaka, na miezi 3 ya mwisho kabla ya likizo isihesabiwe ikiwa itamshusha. Hili ni jambo la kukaa mezani na kupatana. Halihitaji Bunge.

Hali kadhalika saa ya kunyonyesha. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yataka mwajiri atenge mahali pa mama kumnyonyesha mtoto au kukamua maziwa, na ampe nafasi isiyozidi saa 1 kwa kila saa 8 za kazi, ihesabiwe kuwa ni saa za kazi. Kwa karani wa ofisini jambo hilo laeleweka. Kwa mchumaji, saa ya kazi haina bei. Bei iko kwenye kilo. Akienda kunyonyesha saa nzima, kikapu chake hakijai chenyewe chini ya mti. Bila wastani ule ule tuliousema, saa hiyo ni zawadi ya karatasi.

Sasa niseme juu ya mwajiri, maana hata yeye si mmoja. Kiwanda chenye wahasibu na magari hakiwezi kulia kwa sababu ya mishahara ya miezi 3 ya mama mmoja. Lakini chai yetu ya Kisii na Nyamira kwa sehemu kubwa ni ya wakulima wadogo, mtu na shamba lake kando ya nyumba. Mkulima huyo huajiri mwanamke mmoja au wawili kumchumia. Mwenyewe hungoja malipo ya kila mwezi na bonasi ya mwaka, na bonasi ikiwa mbaya hata ada ya shule humshinda. Ukimwambia amlipe mchumaji wake miezi 3 na pia amlipe mwingine anayeshika nafasi yake, atafanya jambo moja: mwaka ujao ataandika mwanamume. Hatuwezi kujifanya hatulijui. Wanawake wenyewe wanalijua, ndiyo sababu wengi huficha mimba kwa leso mpaka mwezi wa saba.

Hapa nawakumbusha risaga. Wazee wetu hawakumwachia mtu mmoja kazi iliyomzidi. Majirani walikusanyika, wakalima shamba la huyu leo, na kesho la yule. Sheria yetu ya uzazi imesahau risaga. Imemtwika mwajiri mmoja mmoja mzigo mzima, mkubwa na mdogo sawa, na mzigo usiobebeka huangushwa juu ya miguu ya mwanamke.

Jambo hilo dunia ililiona zamani sana. Mkutano wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, mwaka 1919 kule Washington, ulipitisha mapatano juu ya uzazi, na hata wakati ule ulisema fedha zitoke katika hazina ya serikali au katika bima. Mapatano mapya ya mwaka 2000 yametaja wiki 14, yakasema ni kwa wanawake wote walioajiriwa, hata wale wa ajira zisizo za kawaida, na yakarudia kusema mwajiri asiachiwe gharama peke yake.

Majirani zetu wamekwisha kuanza. Rwanda walitunga sheria mwaka 2016 ya bima ya likizo ya uzazi. Mwajiri hutoa 0.3 kwa mia ya mshahara, mfanyakazi hutoa 0.3 kwa mia, wanaume na wanawake wote. Wiki 6 za kwanza mwajiri alipe mwenyewe, zilizobaki ilipe bima. Mwaka 2023 likizo yenyewe ilitoka wiki 12 ikawa wiki 14. Pigeni hesabu ninyi wenyewe: kwa mtu wa mshahara wa shilingi 15,000 hiyo 0.3 ni shilingi 45 kwa mwezi. Chai ya kikombe na andazi vimeizidi. Wako wanaume watakaosema, mimi sizai, kwa nini nitoe? Nami nawauliza, walizaliwa na nani, na ile likizo ya baba ya wiki 2 kwa mshahara kamili, iliyo katika kifungu hicho hicho cha 29, wanaikataa?

Tanzania nako, mfuko wao wa NSSF hulipa fao la uzazi kwa mwanachama aliyechangia. Na sheria yao ya ajira ya mwaka 2004 ina jambo moja ambalo natamani tungeliiga neno kwa neno. Inaweka kwanza sharti la miezi 6 ya kazi ndipo mtu apate likizo zenye malipo. Kisha inasema papo hapo ya kwamba mfanyakazi wa msimu anazo haki hizo. Wa msimu ametajwa kwa jina lake! Na yule aliyefanya kazi kwa mwajiri mmoja zaidi ya mara moja katika mwaka, vipande vyake vinaunganishwa, na vikizidi miezi 6 amepata. Wale walijua mchezo wa kalenda, wakaufungia mlango. Sheria yetu haina sharti la kungoja, kwa hiyo kwa maandishi sisi tu bora kuliko wao. Lakini kwa kuwa haikumtaja wa msimu, kila karani anajiona hakimu.

Basi tufanye nini, na kwa mpango upi? Mfuko wa taifa ni kazi ya COTU na Serikali, nasi tusichoke kuwasukuma. Lakini tusikae tukingoja Nairobi. Chini ya Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007, mapatano ya Chama na mwajiri yakisajiliwa mahakamani huingia ndani ya mkataba wa kila mfanyakazi anayehusika, kana kwamba yaliandikwa humo. Kwa hiyo kinachokosekana katika sheria chaweza kuandikwa katika mapatano yetu yajayo, na mimi naomba kiandikwe kabla ya kugusa asilimia za mshahara, si baada yake. Tuandike ya kwamba mwanamke aliyekwisha toa taarifa ya mimba, mkataba wake hauishi kabla ya likizo yake kuisha. Tarehe isogee mbele. Tuandike ya kwamba majina ya wa msimu yawekwe katika orodha iliyobandikwa ukutani, kwa kufuata miaka ya kazi, na kuitwa kurudi kufuate orodha hiyo, ili mnyapara asiwe na siri mfukoni. Tuandike ile hesabu ya wastani wa kilo. Tuandike pia kazi nyepesi kwa mjamzito, asiwekwe shifti ya usiku wala kubebeshwa kuni za boila.

Wengine katika kamati wataniambia, hao wa msimu hawalipi ada ya Chama, kwa nini tuwapiganie? Jibu liko katika sheria hiyo hiyo. Mwajiri analazimika kukitambua Chama kikiwa na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wanaostahili kuwa wanachama. Mahali ambapo nusu ya mikono ni ya msimu, Chama kinachowaacha nje kinajikata miguu. Na mama wa msimu hataandikwa chamani kwa hotuba juu ya umoja. Ataandikwa siku atakapomwona jirani yake amezaa, amelipwa, amerudi kazini.

Mpaka hapo, ninyi akina mama mlio na mimba sasa, shikeni haya. Kila karatasi iwekeni: mkataba wa kwanza na wa mwisho, kadi za kilo, kadi ya kliniki. Mnaolipwa kwa M-Pesa, msifute ujumbe. Muulize taarifa ya malipo ya mwaka mzima. Nasema hivi kwa sababu kifungu cha 20, kinachomtaka mwajiri atoe hati ya mshahara, hakimhusu kibarua, wala mtu wa kilo, wala aliyeajiriwa kwa muda usiozidi miezi 6. Wale wenye haja kubwa ya karatasi ndio walioachwa bila karatasi. Lakini kifungu cha 9 chataka mkataba uandikwe ikiwa siku za kazi kwa jumla zimefikia miezi 3, na ni mwajiri anayepaswa kuuandika. Kesi ikifika mahakamani na yeye hana wa kuonyesha, mzigo wa kuthibitisha masharti humwangukia yeye.

Taarifa ya likizo itolewe kwa maandishi, siku 7 kabla kwa uchache. Msingoje siku 7 hizo. Toeni mapema, mkataba ukiwa bado hai, maana barua iliyoandikwa Agosti yaonyesha ya kwamba Septemba mwajiri alikuwa anajua. Mwajiri akitaka cheti cha daktari au mkunga, apewe. Barua yaweza kuwa ya Kiswahili, kwa mkono, maneno machache tu: jina langu, namba yangu ya kazi, ni mjamzito, natarajia kujifungua mwezi fulani, naomba likizo ya uzazi ya miezi 3 kuanzia tarehe fulani, na nakusudia kurudi kazini tarehe fulani. Hilo la kurudi lisisahauliwe, sheria imelitaka. Andikeni nakala mbili. Moja mpeni karani, ya pili aitie sahihi na tarehe, kisha mrudi nayo nyumbani. Akikataa kutia sahihi, mleteni habari kwa mwakilishi wenu wa Chama siku hiyo hiyo, pamoja na jina la aliyeshuhudia.